Kuyeyusha chuma Tanga: tanuri la mkondo geu, la mkondo mnyoofu au la koili?

Mtu anayefikiria kujenga kiwanda cha kuyeyusha chuma chakavu katika ukanda wa kutoka Tanga mjini hadi Pongwe hupokea mapema orodha za bei za wauzaji wa matanuri, na orodha hizo karibu zote huanza na tani kwa saa na kuishia na kilowati-saa kwa tani. Jambo linaloandikwa kwa herufi ndogo, kama limeandikwa, ni tabia ya tao la umeme lenyewe: jinsi linavyozimika na kuwaka upya, jinsi linavyorukaruka juu ya chuma baridi, na jinsi linavyovuta mkondo ghafla pale kipande cha chuma kinapoigusa elektrodi, yaani nguzo inayopeleka umeme ndani ya tanuri. Makala haya yanazilinganisha aina tatu za matanuri, yaani la tao la mkondo geu (AC), la tao la mkondo mnyoofu (DC) na la koili lisilo na tao, kwa kigezo hicho kwanza, na bei baadaye, kwa sababu mahali ambapo umeme hufika kwa njia ndefu, tanuri lisilotulia huwasumbua majirani kabla halijamsumbua mwenye kiwanda.

Kwa nini tao halitulii

Tao la umeme ni hewa na mvuke wa metali uliopashwa moto hadi ukaanza kupitisha umeme, na joto lake hupita nyuzi 6,000 za Selsiasi. Katika waya, mkondo ukiongezeka volti nayo huongezeka. Katika tao hali hugeuka: mkondo ukiongezeka, tao hunenepa, hupata joto zaidi na kupitisha umeme kwa urahisi zaidi, hivyo volti hushuka. Kwa hiyo tao lililounganishwa moja kwa moja na chanzo chenye volti thabiti haliwezi kujitawala. Ama litazimika, ama litavuta mkondo mpaka fyuzi ikatike. Lazima pawepo kizuizi kati ya chanzo na tao, na tofauti kubwa kati ya matanuri mawili ya kwanza tunayoyalinganisha hapa ni aina ya kizuizi hicho.

Jambo hili limechunguzwa kwa muda mrefu. Hertha Ayrton, Mwingereza aliyesoma tabia za taa za tao la kaboni, alieleza mwaka 1899 kwamba mzomeo wa taa hizo ulitokana na oksijeni kufika kwenye kishimo cha elektrodi chanya. Milinganyo ya Cassie ya mwaka 1939 na ya Mayr ya mwaka 1943 bado hutumika katika programu za kompyuta za kukadiria mwenendo wa tao. Hata hivyo, mnunuzi akionyeshwa mchoro mzuri wa kompyuta, akumbuke kwamba milinganyo hiyo huelezea tao lililo peke yake, ilhali ndani ya tanuri kuna rundo la bodi za magari, mabati, vyuma vya trekta na mabomba ambalo huporomoka bila kutoa taarifa.

Urefu wa tao ndio unaoamua volti zake. Kwa makadirio yanayotumika viwandani, tao huchukua takriban volti 1 kwa kila milimita ya urefu, ukijumlisha volti 40 hivi zinazopotea kwenye ncha zake mbili. Rundo likishuka sentimita 10, tao hurefuka na kudai volti 100 zaidi papo hapo, na kama chanzo hakina volti hizo za ziada, tao huzimika. Rundo likiporomoka upande wa elektrodi, urefu huwa sifuri na kinachobaki ni shoti. Mitambo ya haidroli ya kuinua na kushusha elektrodi hujaribu kufuata mabadiliko hayo, lakini nguzo ya elektrodi ina uzito mkubwa na haiwezi kwenda kwa kasi ya umeme.

Mkondo geu

Tanuri la mkondo geu ndilo la jadi, na asili yake ni kazi ya Mfaransa Paul Héroult mwanzoni mwa karne ya 20. Lina elektrodi tatu za grafiti, moja kwa kila fezi, na transfoma yake huunganishwa moja kwa moja na gridi. Umeme wetu hubadilika mara 50 kwa sekunde, hivyo mkondo hupita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde, na kila mara tao hufa na kulazimika kuzaliwa upya. Chuma kikiwa kimeyeyuka na mvuke ni wa moto, kuzaliwa huko hakuna shida. Chuma kikiwa baridi, mvuke hupoa upesi, na tao hukosa kuwaka katika nusu ya mzunguko au huwaka kwa kuchelewa.

Mafundi wa kuchomelea wa Ngamiani, hapa Tanga mjini, wanalijua jambo hili kwa mikono yao, hata kama hawajawahi kuliona tanuri. Fimbo ya E6010 hufanya kazi vizuri kwenye mashine ya mkondo mnyoofu lakini huzimikazimika kwenye mashine ya mkondo geu, ilhali E6011, ambayo inafanana nayo karibu kwa kila kitu, huwaka kwenye zote mbili kwa kuwa ganda lake limetiwa potasiamu, na mvuke wa potasiamu hupitisha umeme kwa urahisi hata mkondo unapopita sifuri. Katika tanuri, kazi kama hiyo hufanywa kwa kiasi fulani na kalisi iliyomo katika chokaa.

Dawa kuu, hata hivyo, ni koili kubwa ya kuzuia inayowekwa kabla ya transfoma. Koili huuchelewesha mkondo nyuma ya volti, ili mkondo unapofika sifuri volti tayari iwe juu kiasi cha kuliwasha tao upya. Gharama yake ni pawafakta, yaani sehemu ya umeme unaovutwa ambayo hufanya kazi kweli, ambayo kwa matanuri ya aina hii hushuka mara nyingi hadi kati ya 0.7 na 0.8, na kuilazimisha kampuni iweke kapasita za kufidia. Muuzaji anayejisifu kwamba tanuri lake la mkondo geu lina pawafakta ya 0.9 tangu dakika ya kwanza aulizwe tao lake linasimamaje juu ya chuma baridi.

Kipindi kibaya cha tanuri hili ni dakika za mwanzo baada ya kila kapu la chuma kumiminwa, elektrodi zinapotoboa rundo. Baada ya hapo, chuma kikilala chini kikiwa kimiminika, huja msaada wa povu: kaboni hupulizwa ndani ya mavi ya chuma yanayoelea juu, gesi ya kaboni monoksidi hutokea, na mavi hayo huumuka mpaka yakalifunika tao. Tao lililofunikwa hutulia, kelele hushuka, na ukuta hauungui. Hapa Tanga ina bahati ambayo miji mingine haina, kwa kuwa mawe ya chokaa yapo Pongwe na Amboni, na chokaa iliyochomwa ndiyo kiungo kikuu cha mavi mazuri. Bahati hiyo ina sharti lake: chokaa iliyochomwa hunyonya unyevu wa pwani haraka, na ikikaa wazi ghalani kwa wiki kadhaa huingiza haidrojeni katika chuma na kuliharibu povu. Ghala lililofungwa vizuri ni sehemu ya tanuri, ingawa halimo kwenye orodha ya bei ya mtu yeyote.

Kupepesa kwa taa, na hesabu ya mahali

Mkondo unaopanda na kushuka bila mpangilio huishusha volti ya mtaa mzima kwa mpangilio uleule mbovu. Jicho la binadamu huhisi zaidi mwanga wa balbu ya waya unaopepesa karibu mara 9 kwa sekunde, na katika kasi hiyo badiliko la volti lililo chini ya nusu ya asilimia linatosha kumkera mtu anayesoma. Bahati mbaya, mabadiliko ya tao katika kuyeyusha yamejaa katika eneo hilohilo la kasi.

Kinachoamua kama majirani wataona kitu ni nguvu ya shoti ya mahali unapounganishwa, yaani kiasi cha umeme ambacho gridi ingetoa iwapo nyaya tatu zingegusana pale. Tuchukue mfano wa kubuni. Tanuri la mkondo geu lenye transfoma ya MVA 20 (megavolti-ampea, kipimo cha umeme wote unaovutwa, unaofanya kazi na usiofanya) linaweza kuvuta MVA 40 hivi elektrodi zikigusa chuma. Likiunganishwa kwenye njia ya kilovolti 33 yenye nguvu ya shoti ya MVA 300, volti itashuka kwa takriban asilimia 13, na hakuna anayepaswa kuruhusu jambo hilo. Likiunganishwa kwenye kilovolti 132 mahali penye MVA 1,500, volti itashuka kwa asilimia 2.7. Kanuni ya zamani ya wahandisi wa Uingereza iliweka mpaka karibu na asilimia 2, hivyo hata hapo tanuri hilo halipiti bila kufidiwa, yaani bila mtambo wa kuisawazisha volti.

Kuna hoja inayosikika sana siku hizi kwamba tangu Bwawa la Julius Nyerere lianze kuzalisha katika Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, tatizo la umeme limekwisha. Megawati hizo zimesaidia sana taifa, lakini nguvu ya shoti ya Pongwe haiongezeki kwa kiasi hicho, kwa sababu kati ya Rufiji na Pongwe kuna mamia ya kilomita za nyaya na transfoma kadhaa, na kila kimoja hupunguza. Vituo vya karibu ni vya Mto Pangani, Hale chenye megawati 21 na Pangani Mpya chenye megawati 68. Tanuri moja linaloruka kati ya sifuri na megawati 15 kila sekunde chache si mzigo mdogo mbele ya mashine za ukubwa huo.

Mkondo mnyoofu

Tanuri la mkondo mnyoofu lilienea viwandani kuanzia miaka ya 1980, thairista kubwa, yaani swichi za elektroniki zinazogeuza mkondo geu kuwa mnyoofu, zilipopatikana kwa bei inayoeleweka. Kwa kawaida lina elektrodi moja tu ya grafiti juu, ambayo ni hasi, na elektrodi chanya iliyojengwa ndani ya sakafu ya tanuri. Mkondo haupiti sifuri, hivyo tao halifi mara 100 kwa sekunde, na tatizo la kuwaka upya juu ya chuma baridi hupungua sana. Kizuizi chake ni thairista pamoja na koili: rundo likiporomoka na kuleta shoti, mfumo wa udhibiti huirudisha nyuma volti na kuushikilia mkondo karibu na kiwango kilichopangwa. Katika mfano wetu, badala ya kuruka hadi MVA 40, tanuri litabaki karibu na MVA 20, ingawa kwa wakati huo karibu zote zitakuwa umeme wa kwenda na kurudi usiofanya kazi. Kushuka kwa volti kwenye kilovolti 132 kutakuwa asilimia 1.3. Ndiyo maana husemwa kwamba aina hii hupunguza kupepesa kwa karibu nusu, na hesabu inaonyesha nusu hiyo inatoka wapi.

Faida ya pili ni grafiti. Elektrodi moja yenye uso mdogo wa kuungua hutumia takriban kilo 1 kwa tani ya chuma, na elektrodi tatu za mkondo geu hutumia mara nyingi kati ya kilo 1.5 na 2. Grafiti hiyo yote huingia kwa meli na hulipiwa kwa fedha za kigeni, hivyo tofauti hii ina uzito kuliko inavyoonekana kwenye karatasi.

Hata hivyo kutokutulia hakukuondoka, kumebadilisha sura. Tao la mkondo mnyoofu husukumwa na sumaku ya nyaya zake lenyewe, na kama nyaya za kurudisha mkondo zimepitishwa upande mmoja chini ya tanuri, tao huinamia upande wa pili na kuula ukuta mahali pamoja. Mafundi wa kuchomelea nao hulijua hili, kwani tao la mashine ya mkondo mnyoofu hukimbia kando linapokaribia pembe ya chuma. Katika tanuri, dawa ni kuzipanga nyaya za chini kwa uangalifu tangu wakati wa kuchora, na baada ya zege kumwagwa hakuna marekebisho ya bei nafuu. Matao matatu ya mkondo geu nayo husukumana kuelekea nje na kuunguza ukuta sehemu tatu, lakini sehemu hizo zinajulikana mapema na huwekewa matofali mazuri zaidi.

Elektrodi ya sakafuni ndiyo ningeifikiria mara mbili kwa kiwanda cha hapa. Inahitaji kupozwa na kuangaliwa joto lake kila wakati, na ili iguse vizuri, kiasi cha chuma kimiminika huachwa ndani baada ya kila mmimino. Kiwanda kinachotoa nondo za aina moja mwaka mzima hakitaona tatizo. Kiwanda kinachotaka leo kumimina chuma cha nondo na kesho chuma cha mipira ya kusagia ya viwanda vya saruji kitajikuta kinachanganya madaraja ya chuma. Tena tanuri likishatolewa chuma chote kwa ajili ya matengenezo, kuliwasha upya kunadai chuma safi kilichopangwa kwa mkono juu ya sakafu. Thairista nazo huingiza hamoniki kwenye gridi, yaani mikondo ya masafa ambayo ni mara kadhaa ya hezi 50 za kawaida. Mfumo wa mapigo 12 hutoa hasa ya 11 na ya 13, yaani hezi 550 na 650, na hizo huhitaji vichujio.

Koili, bila tao

Tanuri la tatu halina tao kabisa. Koili ya shaba inayopozwa kwa maji huzunguka sufuria ya udongo wa moto, na mkondo wa masafa ya mamia ya hezi huzaa joto ndani ya chuma chenyewe. Mzigo wake kwa gridi ni tulivu, taa za majirani hazipepesi, na tatizo linalobaki ni hamoniki za kibadilishi chake, ambazo huzuilika. Viwanda vingi vya nondo Afrika Mashariki vimechagua njia hii, na sioni ajabu.

Bei ya utulivu huo hulipwa katika ubora wa chuma. Tanuri la tao, kwa mavi yake yenye chokaa nyingi na oksijeni, huweza kuondoa fosforasi. Tanuri la koili, hasa lenye sufuria ya silika, hutoa karibu kile kilichoingizwa. Shaba ya mota na nyaya haiondoki katika tanuri lolote kati ya haya matatu, hivyo uchambuzi wa chuma chakavu getini ni wa lazima kwa wote, lakini kwa mwenye koili ni wa lazima zaidi. Matumizi yake ya umeme kwa kawaida huwa kati ya kilowati-saa 500 na 600 kwa tani, yakilinganishwa na 350 hadi 450 za tanuri la tao linalosaidiwa na oksijeni na kaboni. Mitungi iliyofungwa na chuma chenye maji ni hatari kila mahali, na katika sufuria nyembamba ya koili hatari hiyo humfika mfanyakazi karibu zaidi, jambo la kuzingatiwa katika mji unaopata mvua za masika na za vuli.

Mitambo ya kufidia

Mnunuzi wa tanuri la tao mara nyingi huambiwa asijali, kwani mtambo wa kufidia utamaliza kila kitu. Ipo mitambo ya namna mbili. Ile ya thairista husubiri nusu mzunguko unaofuata ili kubadilisha kazi yake, ucheleweshaji unaoweza kufika sehemu moja ya mia ya sekunde, na kwa tao linaloruka kila wakati hiyo ni kuchelewa kweli. Hupunguza kupepesa kwa karibu nusu, si zaidi sana. Ile ya transista hubadilika mara nyingi ndani ya mzunguko mmoja na hufanya vizuri zaidi, kwa bei ya juu zaidi. Zote hukaa na vifaa vya nje, na upepo wa kusi huleta chumvi ya bahari ambayo, ikichanganyika na vumbi la grafiti juu ya vihami, hutengeneza njia ya umeme kuvuja. Bajeti ya kuosha vihami iwemo tangu mwaka wa kwanza.

Uamuzi

Kwa kiwanda kinachoanza, chenye mmimino wa tani 10 au 15, kinachounganishwa kwenye kilovolti 33 na kutengeneza nondo kutoka chuma kilichochambuliwa, ningechagua koili bila kusita, na fedha zilizookolewa kwenye kufidia ningezipeleka kwenye maabara ya kupima kemia ya chuma. Kwa kiwanda kikubwa kinachotaka kuupokea uchafu wote wa soko la chuma chakavu na kuusafisha, njia ni tao, lakini kwenye kilovolti 132 tu. Hapo, ikiwa bidhaa ni moja na mwenye kiwanda yuko tayari kuwa na wahandisi wa elektroniki za nguvu wa kudumu, mkondo mnyoofu unastahili. Ikiwa bidhaa ni nyingi, au mafundi waliopo ni wale wa transfoma na haidroli, mkondo geu wenye koili ya kuzuia ya kutosha na mtambo wa kufidia wa transista utawatumikia vizuri zaidi, hata kama utakula grafiti zaidi. Chaguo nisilolipendekeza kwa yeyote ni tanuri la mkondo geu la mtumba, lililong'olewa kwenye nchi yenye gridi imara na kuletwa bandarini bila koili yake ya kuzuia.

Kabla ya kusaini chochote, TANESCO iombwe kwa maandishi nguvu ya shoti ya mahali husika, na takwimu ya kuombwa ni ya chini kabisa, yaani ile ya siku ambayo transfoma moja ya kituo cha kupoza umeme iko kwenye matengenezo na mashine za Pangani zimesimama kwa ukosefu wa maji. Muuzaji apewe takwimu hiyo na atakiwe kuhakikisha kiwango cha kupepesa kwa siku ya namna hiyo, kitakachopimwa kwenye kituo cha kuunganishia wakati tanuri linatoboa kapu la kwanza la chuma baridi, huku malipo ya mwisho yakisubiri matokeo ya kipimo hicho.